Gulio la Mashine

Restituta alikuwa na wivu juu ya Kobe wake, na hakuona haya kulisema. Alimtengeneza mwenyewe katika karakana ya mtaani pale Mpanda mjini. Alimchomelea bodi la bati nene, akamvalisha minyororo ya mpira badala ya magurudumu, akamwekea kamera na taa puani. Kazi ya Kobe ilikuwa kuingia kwenye makalavati ya mifereji ya mpunga kule Usevya, alikozaliwa Restituta, na kutafuta mahali palipoziba. Kabla yake, kazi hiyo ilifanywa na watu waliojilaza kifudifudi ndani ya tope, wasijue kama mbele yao kuna gogo au nyoka. Mara ya kwanza Kobe alipoonyesha picha ya mzizi uliokuwa umekaba maji, wakulima walimpigia makofi kama vile ni mtu.

Kwa hiyo siku Spès alipomwambia kwamba programu ya Kobe lazima ifumuliwe na kuandikwa upya, Restituta alijisikia kama mama aliyeambiwa mwanawe hana malezi.

Spès alikuwa binti wa Katumba, makazi ya watu waliotoka Burundi; mwembamba, mwenye sauti ya chini na ubishi usioisha. Alisomea mambo ya kompyuta Dodoma, akarudi nyumbani wakati wenzake wote wakikimbilia Dar, na akaomba kona ya karakana aweke meza yake. Kona ya pili ilikuwa ya Ambrosi, fundi wa umeme kutoka Kakese, aliyekuwa ameunda feni kubwa ya kukaushia mpunga ghalani. Feni hiyo ilipima unyevu yenyewe na kujiwasha yenyewe. Wote watatu walifanya kazi bega kwa bega, wakala ugali kwenye sinia moja, lakini mashine zao hazikujuana hata kidogo. Ya Kobe ilikuwa lugha ya Kobe. Ya feni ilikuwa lugha ya feni.

"Dada Resti," Spès alisema, "mimi sitaki kujua minyororo ya Kobe inazungukaje. Hayo ni ya kwako. Nataka Kobe atangaze tu: niko hapa, ninaona hiki, betri yangu imebaki hivi. Na akubali amri chache: nenda, simama, rudi. Basi."

"Atangaze kwa nani?"

"Kwa yeyote anayehitaji."

"Kwani hivi sasa hafanyi hivyo? Nikibonyeza huku, anakwenda. Picha inakuja kwenye kompyuta yangu. Kuna shida gani?"

"Shida ni kwamba inakuja kwenye kompyuta yako, na haiwezi kwenda kwingine. Umeshona kila kitu pamoja. Ukitaka kubadilisha kifungo lazima uchane shati."

Ambrosi aliangua kicheko. Restituta akamkata jicho, naye akajifanya anatafuta bisibisi.

Kitu ambacho Spès alikuwa akikiandika alikiita Gulio, na kila aliyemuuliza kwa nini, alimjibu kwa kumpeleka kwenye gulio la kijijini kwa maneno. Mwenye nyanya anatandaza mkeka wake na kupaza sauti kwamba ana nyanya. Hamjui atakayenunua. Mwenye kutaka nyanya anafuata sauti, hana haja ya kujua shamba liko wapi wala jembe la mwenyewe ni la aina gani. Kinachotakiwa ni wote kukubaliana kwamba nyanya ni nyanya na fungu ni fungu. Ndani ya Gulio kila mashine, ndogo au kubwa, ilitakiwa kutandaza ilicho nacho na kusema inachotaka, kwa maneno yaliyokubaliwa. Yaliyobaki Gulio lingeyabeba lenyewe, kutoka kompyuta hadi kompyuta, kwa waya au bila waya.

Restituta alifanya alivyoombwa, lakini kwa kununa. Aliandika upya programu ya Kobe kipande kwa kipande: miguu peke yake, macho peke yake, betri peke yake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kila jioni alimwambia Spès kwamba Kobe hajawa mwepesi zaidi wala hajaona mbali zaidi, kwa hiyo haoni faida.

"Bado," Spès alijibu, na kuendelea kuandika.

Siku moja Spès alichukua simu yake, akamwendesha Kobe uani kwa kidole, bila kugusa mstari hata mmoja wa kazi ya Restituta. Kobe alizunguka mtungi wa maji, akapita chini ya benchi, akarudi. Restituta alisimama mlangoni mikono kiunoni. Ilimpendeza, lakini alichosema ni, "Usimkwaruze."

*

Mvua za mwanzo wa mwaka zilipokolea, wenye ghala moja la mpunga huko Sibwesa waliomba feni ya Ambrosi ikajaribiwe kwao. Asubuhi wakapakia feni na jenereta kwenye pikapu, pamoja na bomba refu la turubai la kupitishia hewa. Restituta alimpakia Kobe pia, maana kulikuwa na mfereji huko aliotaka kuuangalia. Spès alikuja na kompyuta yake, na ndani ya mkoba alikuwa na kifaa kingine alichotumiwa na vijana fulani wa Tabora: kipima hewa kidogo, kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, kilichoundwa kugundua moshi wenye sumu kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Alikuwa bado hajakigusa.

Walikuwa hawajamaliza hata kushusha mizigo pale ghalani simu ya Restituta ilipolia. Aliyepiga alikuwa Shadrack, msimamizi wa machimbo madogo ya dhahabu yaliyoko vilimani, nyuma ya vijiji. Aliwahi kumwona Kobe akifanya kazi Usevya, akaomba namba.

"Mama, duara limetitia," alisema, akihema. Duara ndilo jina wachimbaji wanaloliita shimo lao. "Vijana wametoka wote isipokuwa mmoja, Ladislas. Yuko kwenye njia ya pembeni, huko chini. Zimamoto wamefika. Wawili walishuka, wakarudi wanapepesuka, kichwa kinawauma. Chini kulikuwa na pampu ya petroli, moshi wake umejaa. Hatujui yuko wapi hasa, hatujui kama ni mzima. Ile mashine yako ya kuingia mitaroni iko wapi?"

Restituta alimtazama Kobe, aliyekuwa amekaa juu ya magunia kama mzigo mwingine wowote.

"Ninayo hapa," alisema.

Walirudisha feni na jenereta garini wakaondoka; barabara ilikuwa utelezi mtupu. Ambrosi aliendesha, na pikapu iliyumba huku na huko hadi wakaona maturubai ya bluu ya wachimbaji na umati uliolizunguka shimo. Mbele ya umati alikuwa mwanamke aliyefunga kitenge kifuani, macho yake hayatoki kwenye mdomo wa shimo. Shadrack aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba huyo ni Josephina, mke wa Ladislas, na kwamba wanamwita Mama Arcade.

Kamanda wa zimamoto alikuwa mtu wa maneno machache. "Vijana wangu wako tayari kushuka," alisema. "Lakini siwezi kuwashusha kwenye sumu, wala siwezi kuwaambia wachimbe bila kujua wapi. Nionyesheni hewa ikoje na mtu yuko wapi. Hayo mengine tutayafanya."

Restituta alisikia maneno hayo, akahesabu walichokuja nacho. Kobe aliweza kuona, lakini hakuweza kunusa. Kipima hewa kiliweza kunusa, lakini kilitengenezwa na watu ambao hata hawajamwona Kobe, na kilizungumza lugha ya mabani ya tumbaku. Feni iliweza kusukuma hewa, lakini ilichojua ni unyevu wa mpunga. Alijua ingemchukua muda gani yeye kuvishona vitatu hivyo pamoja kwa mtindo wake wa zamani. Hadi hapo, Ladislas angekuwa maiti.

"Spès," alisema. "Inawezekana?"

Spès alikuwa tayari amekaa juu ya gunia la mchanga, kompyuta magotini. "Kobe yuko Gulioni tayari, dada. Feni nayo iko, kaka Ambrosi aliiingiza mwezi uliopita. Mgeni ni huyu mmoja tu." Alikionyesha kipima hewa. "Mgeni namtafutia mkalimani. Mfungie Kobe mgongoni, mpe umeme."

Wakati Restituta anafunga kile kifaa kwa waya na utepe wa gundi, alimwangalia yule binti akifanya kazi, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho miezi yote alikuwa amekiona bila kukielewa. Spès hakugusa programu ya Kobe. Hakugusa programu ya feni. Aliandika kurasa mbili tu za mkalimani, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza namba za kipima hewa na kuzitangaza kwa maneno ambayo kila mmoja Gulioni aliyajua: hewa nzuri, hewa mbaya, mbaya kiasi gani. Halafu akamgeukia Ambrosi, aliyekuwa ametoka kuifunga feni na jenereta ng'ambo ya uwanja.

"Kaka, feni yako inafuata tangazo la unyevu. Niruhusu niiambie ifuate tangazo la hewa."

"Badilisha."

Lilikuwa ni neno moja lililobadilishwa, mahali pamoja. Spès alisogeza njiti ya kiberiti inayowaka karibu na kipima hewa, akaipuliza ikatoa moshi. Huko upande wa pili wa uwanja, mbali, feni ikanguruma na bomba la turubai likatuna kama chatu aliyemeza mbuzi. Alipouondoa moshi, feni ikapunguza sauti. Umati ukaguna. Shadrack alivua kofia bila kujua kwamba ameivua.

Walimshusha Kobe kwa kamba, waya wake ukimfuata. Bomba la feni lilishushwa kando yake. Kwenye kioo cha kompyuta Restituta aliona kuta za udongo mwekundu zikipita, kisha sakafu, kisha mdomo mweusi wa njia ya pembeni. Kipima hewa kilitangaza hewa mbaya sana. Feni ilinguruma kwa nguvu zake zote, na namba zikaanza kushuka taratibu.

"Mwingize," kamanda alisema.

Restituta alimwendesha Kobe kwa upole, kama anamshika mkono. Magogo yaliyokuwa yakishikilia kuta yalikuwa yamelala ovyo, na Kobe aliyapanda moja baada ya jingine. Ndipo udongo ulipodondoka. Haukuwa mwingi, lakini jiwe moja lilipiga puani. Kioo kikawa cheusi.

"Amekufa?" Ambrosi aliuliza.

"Hajafa," Spès alisema, akisoma. "Miguu inaitika. Betri inaitika. Hewa inaendelea kutangazwa. Macho tu ndiyo yameondoka Gulioni."

Restituta alisogea kusoma naye. Zamani, kabla ya kufumuliwa, kamera ikifa Kobe mzima alikuwa anakufa, maana kila kitu kilisubiri kila kitu. Leo alikuwa kipofu shimoni, lakini yuko hai na miguu inafanya kazi. Alimrudisha kinyumenyume kwa kuufuata waya wake, wakamvuta juu. Kioo cha kamera kilikuwa kimesagika.

"Sina kamera nyingine," alisema. "Iliyopo iko Mpanda."

"Tafuta simu," Spès alisema. "Simu yoyote yenye kamera nzima. Kobe ana mtandao wake mdogo mgongoni, simu itaingia humo."

"Lakini Kobe hajawahi kubeba simu."

"Kobe hatajua. Yeye hajali macho yanatoka wapi, na sisi tunaotazama hatujali pia. Simu itatandaza mkeka pale pale kamera ilipokuwa."

Kabla hawajauliza, Josephina alikuwa amekwisha fungua pindo la kitenge na kuitoa simu yake. Kioo kilikuwa na ufa, lakini kamera ilikuwa safi. Spès aliweka humo programu yake ndogo, akaangalia, kisha akakumbuka jambo.

"Simu ina masikio na mdomo pia," alisema. "Naviingiza vyote."

Restituta aliifunga simu mahali pa kamera iliyovunjika, taa yake ikiangaza mbele, akaizungushia kipande cha mpira kuikinga. Wakamshusha Kobe tena. Picha ilitokea kwenye kioo kile kile, mahali pale pale, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna aliyebadilisha chochote upande wa juu. Restituta alimpitisha Kobe juu ya magogo, akapita mahali jiwe lilipoangukia, akaenda mbele zaidi. Hewa sasa ilitangazwa kuwa ya kuvumilika.

Njia ikaisha kwenye kifusi. Kati ya kifusi na paa kulikuwa na pengo, na ndani ya pengo, taa ya simu iliangukia kitu cheupe. Ilikuwa soli ya buti.

Umati haukuruhusiwa kusogea, lakini Josephina alisogea, na hakuna aliyemzuia. Spès alimpa kipaza sauti kidogo cha kompyuta. "Ongea, mama. Atakusikia."

Josephina alilishika lile dude kwa mikono miwili. Kiswahili kilimkimbia. Aliita kwa Kirundi, jina la mumewe, mara moja, halafu tena kwa nguvu zaidi. Ngurumo ya feni ilisikika kupitia simu, mbali, kama upepo kwenye majani ya mahindi. Kisha ikaja sauti nyingine, nzito, ya mtu anayeamka.

Josephina alikaa chini pale pale kwenye tope. Aliongea haraka, akilia, akicheka, na ile sauti ikajibu kwa vipande vipande. Restituta, ambaye lugha ya kwao ni Kipimbwe, hakuelewa neno. Spès alielewa yote, maana hiyo ndiyo lugha aliyonyonya nayo. Aliinua uso kwa kamanda, machozi yakimtiririka lakini sauti imetulia.

"Anasema mguu wa kushoto umebanwa na gogo. Mikono ni mizima. Anasema upande wake wa kulia udongo ni laini, wapitie huko. Na anasema upepo umemfikia, sasa anaweza kupumua."

Kamanda alikuwa amekwisha geuka. "Kulia!" aliwapigia kelele vijana wake. "Shukeni!"

Walichimba mchana kutwa, kwa kupokezana. Kobe hakuondolewa. Alibaki pale chini akimulika, akinusa, akipeleka sauti huku na huku. Kila udongo mpya ulipofunguliwa na hewa chafu ikavuja, feni iliongeza nguvu yenyewe kabla mtu hajatamka neno. Josephina hakukiachia kipaza sauti. Aliposhindwa kupata la kusema alimsimulia mumewe habari za nyumbani: kuku waliotaga chini ya kitanda, jirani aliyejenga uzio vibaya. Mara moja Ladislas alicheka, na zimamoto mmoja aliyekuwa chini alisikika akicheka naye.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima walipomtoa. Alikuwa wa rangi moja na udongo, mguu umefungwa vipande vya mbao, jicho moja limefumbwa kwa uvimbe. Alipopitishwa mbele ya pikapu aliomba wamsimamishe. Alimtazama Kobe, aliyekuwa amevutwa juu naye amepakaa tope hadi mgongoni, simu ya mkewe ingali inamulika puani.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ni wengi," Restituta alisema. "Huyu, na feni ile, na simu ya mama, na kitu kidogo cha Tabora. Na huyu hapa ndiye aliyewakutanisha." Alimshika Spès bega na kumsogeza mbele.

Spès aliangalia chini, akafuta tope kwenye kompyuta kwa kiganja. Ladislas alimwambia jambo kwa Kirundi, taratibu, naye akaitika kwa kichwa. Restituta hakuuliza lilikuwa neno gani.

*

Feni ilirudishwa ghalani Sibwesa siku iliyofuata, na mpunga ulikaushwa kama ilivyopangwa. Walirudi Mpanda wamechoka, na Ambrosi aliimba njia nzima nyimbo ambazo hakuyajua maneno yake.

Njiani Restituta alimuuliza Spès swali lililomkaa kooni. "Ulijuaje kwamba siku moja simu itakaa puani pa Kobe?"

"Sikujua, dada. Ningejua, ningeiandikia simu tu, na jana ingehitajika kitu kingine." Spès alifikiri. "Nilichojua ni kwamba kuna vitu sitavijua. Kwa hiyo niliviachia nafasi."

Restituta aliyapima maneno hayo. Alikuwa fundi tangu alipoweza kushika koleo, na alizoea kumsifu mtu kwa kile alichokitengeneza, kitu cha kushikwa na kupimwa uzito. Kazi ya Spès haikuwa na uzito. Usingeweza kuipiga nyundo wala kuipaka rangi. Lakini yeye alikuwa ameiona ikibeba mtu kutoka ardhini, na aliona kwamba kutengeneza mashine nzuri ni jambo moja, na kutengeneza mahali ambapo mashine za watu wasiojuana zinaweza kusaidiana ni jambo jingine, na hilo la pili ni gumu zaidi na halina kelele.

"Kuna kitu nilikuficha," alisema. "Taa ya Kobe. Bado nimeishona na miguu. Niliona uvivu kuitenganisha."

"Najua," Spès alisema. "Niliiona siku nyingi."

"Na hukusema?"

"Ungeninunia."

Ambrosi alicheka hadi pikapu ikayumba, na wote wawili wakamgombeza.

Mkalimani wa kipima hewa Spès aliwatumia vijana wa Tabora bure, pamoja na Gulio lote, na baada ya muda mfupi simu zikaanza kuja kutoka kwa watu wasiowajua. Mmoja alikuwa na pampu, mwingine na ndege ndogo ya kupiga picha mashamba, mwingine na mizani. Asubuhi moja Spès alikuwa amekwenda Katumba kumwona bibi yake, na simu ya karakana ikapokewa na Restituta. Kijana wa upande wa pili alilalamika kwamba mashine yake tayari inafanya kazi vizuri, anauliza aifumue ya nini.

Restituta alivuta kigoda, akakaa, akaweka kando koleo lake.

"Mdogo wangu," alisema, "mashine yako inafanya nini? Anza kwa kuniambia hilo tu. Inazungukaje, hayo baki nayo."